Mshale huharibikia dukani, kabla hata hujashika msasa

Mishale ya mbao najitengenezea mwenyewe, na wa kumi na moja ndio ulionitia adabu. Nimevuta upinde, nimeachilia, nkasikia mlio kama mtu anavunja kuni, kuangalia hivi nusu ya mshale imeenda na nusu iko hapa, na kijiti kimenichana mkono wa kushoto, kuanzia karibu na dole gumba mpaka kwenye kifundo. Nyumbani nkadanganya ni mabati, manake mama angeuchoma upinde siku hiyo hiyo.

Nlipookota vile vipande nkaona kosa lilipo. Nyuzi za mbao zilikuwa zimekata kwa mshazari, zinaingia upande huu zinatokea upande wa pili, yani ile fito ilikuwa inangoja tu siku yake. Na mimi ndo nlikuwa nimeilipia.

Kwa hivyo ukienda hadiwea kununua zile fito za mviringo, doweli, usichukue kifurushi ukaondoka. Mwombe mwenye duka akuachie uchague, atakununia, mwache anune. Mimi nachukua za milimita 8, naitoa moja moja mpaka mlangoni kwenye mwanga, naangalia nyuzi zinakimbia kutoka ncha hadi ncha ama zinatoroka njiani. Alafu naiviringisha juu ya kaunta, ikirukaruka sana hiyo imepinda. Kwa fito ishirini nikipata sita nashukuru Mungu. Kuna jamaa aliniambia nichonge za mpingo kama vinyago vya Changamwe, jamani, mpingo unazama majini, huo mshale utafika wapi?

Iliyopinda kidogo usiitupe. Ipashe juu ya jiko la makaa, mbali na moto, mpaka mkono uone imepata joto vizuri, kisha ibonyeze pole pole kwa kiganja pale penye nundu, shikilia mpaka ipoe. Funga jicho moja uichungulie kama bunduki. Rudia. Hii kazi haitaki haraka, mimi naifanya usiku nikisikiliza redio.

Sasa ugumu wa fito, hapa ndipo wengi wanapotea. Fito laini sana kwa upinde wako, ama ngumu sana, mshale utaenda kushoto kulia na utalaumu macho yako bure. Piga misumari miwili ukutani, umbali sentimita 66, laza fito juu yake, katikati ning'iniza uzito wa gramu 900 hivi (mimi natumia chupa ya maji, mililita 900 zinatosha) alafu pima fito imeshuka milimita ngapi. Chukua 660 gawanya kwa hizo milimita, unapata pauni, yani nguvu ya upinde unaoifaa hiyo fito. Upinde wangu ni pauni 40, kwa hivyo nataka inayoshuka milimita 16 ama 17 hivi. Pinde za Waata, wale wawindaji wa huko Tsavo na nyuma ya Malindi, zilikuwa zapita pauni 100, mimi hapo hata upote, ile kamba ya upinde, singeusogeza. Na sisi ni kulenga magunia tu, uwindaji Kenya ulipigwa marufuku 1977, tuelewane.

Mkato wa nyuma wa kukalia upote nakata kwa bledi mbili za heksoo nimezifunga pamoja kwa seloteipu. Angalia kitako cha fito utaona vimistari vya mbao, kata uvivuke vile vimistari, ukikata kufuatana navyo upote utaupasua mshale kama muwa. Chini ya mkato zungusha uzi na gundi, usiruke hiyo. Chembe, ile ncha ya chuma ya mbele, naagiza, chuma sikiwezi.

Manyoya ni matatu na yote yatoke bawa la upande mmoja, ukichanganya kushoto na kulia mshale unachanganyikiwa. Ya bata mzinga ndo mazuri, nayapata kwa jirani anayefuga. Nlijaribu ya kunguru manake Mombasa hatuna uhaba, lakini hayakudumu.

Alafu hii hewa yetu ya bahari. Fito isiyopakwa kitu inakunywa unyevu, masika ikiingia unaamka mishale yote kwenye podo imepinda kama ndizi. Vanishi paka mara tatu, msasa laini katikati, na usisahau ndani ya ule mkato. Usiegemeze mishale ukutani, ilaze ama ining'inize.

Na kila unapotaka kupiga, ushike mshale ncha mbili uukunje kidogo huku unaugeuza, karibu na sikio. Ukisikia tik, usijishauri, uvunje mwenyewe kwa goti. Niliouvunja juzi sai unashikilia nyanya za mama huko nyuma ya nyumba, na ameupenda sana, ameniuliza kama nina mingine.