Kijana Mwenye Usonji Akibadilika Ghafla, Usiseme Haraka "Ndivyo Alivyo"

Wiki iliyopita mama mmoja wa Mwanza aliniandikia. Kijana wake ana miaka 17, ana usonji (autism, yaani ubongo uliokua kwa namna tofauti) tangu utotoni, na sasa anafunga madirisha mchana kweupe akisema majirani wanamsikiliza. "Dada, hii ni usonji umezidi, au mwanangu amepata ugonjwa wa akili?" Tuliongea kwa simu mpaka usiku, na kwa ruhusa yake naandika haya, maana najua wengi mnaonisoma mna mtoto, mdogo au mpwa wa namna hii, na mnamtakia nilichomtakia wangu: aishi na watu, asifungiwe ndani.

Mdogo wangu ana miaka 22. Amekubali niandike, nisitaje jina. Tangu akiwa mtoto hutangaza mpira peke yake. Anatembea uani kutoka mlango wa jikoni mpaka kwenye tenki la maji, akigeuka sauti inapanda, "anaingia, anampita mmoja, anapigaaa!", mchezo mzima mpaka dakika za nyongeza. Wali na maharage visigusane kwenye sahani yake. Pikipiki ikipita anaziba masikio. Kwetu hayo ni mambo ya kawaida kabisa.

Alipofika sekondari alianza kukosa usingizi na kugoma kwenda shule. Tukampeleka hospitali. Daktari akamuuliza, "Kijana, unasikia sauti ambazo wenzako hawazisikii?" Akajibu ndiyo. "Kuna watu wanakufuatilia?" Ndiyo. "Unaongea peke yako?" Ndiyo. Tukatoka pale na skizofrenia kwenye kadi, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie au aamini yasiyokuwepo, na sindano ya mwezi.

Majibu yote matatu yalikuwa ya kweli. Mdogo wangu husikia mngurumo wa friji la duka la jirani akiwa amelala chumbani kwake. Kuna wavulana waliokuwa wakimfuata kila jioni kutoka shule wamnyang'anye kofia. Na kuongea peke yake, ni ule mpira. Mtu mwenye usonji mara nyingi hujibu swali lilivyoulizwa, neno kwa neno. Hakuna aliyemuuliza sauti inatoka wapi, ni ya nani, inasema nini. Hakuna aliyetuuliza sisi alikuwaje alipokuwa na miaka miwili. Uso wake hauonyeshi hisia, haangalii mtu machoni, maneno yake machache, na hizo nazo zikahesabiwa kuwa dalili.

Mpaka leo naumia nikikumbuka. Sindano ilimkaza shingo, mikono ikatetemeka, mate yakawa yanamtoka. Uani kukawa kimya, na ndugu wakasema, "Mungu mkubwa, ametulia." Nilikataa kuuita ule utulivu. Nilipiga simu, nikaomba rufaa, nikabembeleza, nikagombana, mpaka tukampata daktari bingwa wa afya ya akili ya watoto na vijana. Yeye alianza na mama: aliongea lini, alikuwa akionyesha kitu kwa kidole, alicheza vipi na wenzake. Akamaliza hayo ndipo akamgeukia mdogo wangu na maswali mafupi yenye kueleweka. Sindano ikasimamishwa chini ya uangalizi wake, shule tukambadilishia, usingizi ukarudi, na mpira ukarudi uani. Najivunia hilo, sitaficha.

Kuchanganya usonji na skizofrenia ni kwa zamani sana. Daktari Leo Kanner alieleza usonji wa watoto huko Marekani mwaka 1943, lakini kwa miaka mingi baadaye watoto hao waliwekwa kapu moja na "skizofrenia ya utotoni". Mwaka 1971 daktari Israel Kolvin, wa Uingereza, alionyesha kuwa ni makundi mawili: wale ambao tofauti zao zinaonekana kabla ya miaka mitatu, na wale wanaougua baadaye wakiwa wamekua. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani ulivitenganisha rasmi mwaka 1980. Usonji mtu huzaliwa nao. Saikosisi, yaani mtu kuachana na uhalisia, kusikia wasiokuwepo, kuamini anawindwa, huja baadaye, mara nyingi kati ya ujana na miaka ya ishirini.

Lakini kutenganishwa hakumaanishi kwamba mwenye kimoja hapati kingine. Uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi, uliochapishwa mwaka 2019 kwenye jarida la Lancet Psychiatry, ulikuta kama watu 4 katika kila 100 wenye usonji wana magonjwa ya jamii ya skizofrenia. Kwa watu wote kwa ujumla hawafiki 1 katika 100. Kwa hiyo wengi mno hawapati, ila hatari yao iko juu kuliko ya wengine. Shikeni yote mawili.

Mdogo wangu aliingia kwenye hao wanne akiwa na miaka 19. Kwanza aliacha kutangaza mpira. Halafu akaanza kusema mtangazaji wa redioni anamsema yeye, anatoa siri zake kati ya majina ya wachezaji. Akang'oa waya za redio. Hakulala. Sahani yake ya wali na maharage aliinusa, akasema mama ameweka sumu. Mama, aliyempakulia maisha yake yote! Baba mdogo akasema, "Si ndiyo usonji wake huo?" Nikamwambia hapana, Baba, huyu simjui. Tulikuwa hospitalini kabla ya wiki kuisha, na nina hakika kuwahi kule ndiko kulikomsaidia.

Ushauri wangu mkubwa ni huo: ijueni kawaida yake. Mpimeni kwa jana yake yeye, si kwa watoto wa jirani. Wekeni daftari. Andikeni analalaje, anakulaje, anapenda nini, anaogopa nini, anaongea nini akiwa peke yake. Siku ikifika, mpelekeeni daktari hilo daftari. Kama alichokipenda kimeanza kumtisha, au uwezo aliokuwa nao unapotea, hiyo si kawaida yake, nendeni. Daktari akimuuliza kuhusu sauti, ombeni aulize inatoka wapi na inasema nini. Narudia: ijueni kawaida yake!

Ombeni apimwe na mwili. Kifafa kinawapata wenye usonji zaidi ya wengine, na kinaweza kuleta maono na kuchanganyikiwa. Malaria kali nayo humchanganya mtu. Kijana akiganda, asimame mkao mmoja, aache kula na kuongea, mtajieni daktari neno katatonia, kwa sababu ina matibabu yake na baadhi ya dawa za saikosisi huweza kuizidisha. Bangi asiiguse kabisa, na anayempa mnamjua, ongeeni naye. Wanaomwonea shuleni msiwaachie eti ni utoto, maana kuonewa na kukosa usingizi vinachangia kumfikisha mtu huko.

Ndugu zangu, acheni kumzungusha kijana kwa waganga huku ugonjwa unakomaa. Ombeni dua, sisi tuliomba na tunaomba, lakini dua na kliniki havigombani.

Na akiandikiwa dawa, ombeni waanze na dozi ndogo wapandishe taratibu, kwa sababu wengi wenye usonji madhara yake huwashika upesi. Msiikatishe wenyewe mkiona amepata nafuu. Ila shingo ikikaza, ulimi ukivutwa au macho yakipinda kwenda juu yasishuke, msisubiri siku ya kliniki. Mpelekeni usiku huohuo, mkiwa na pakiti ya dawa mkononi.