Maji ya chini ya ardhi: yanavuja, yanabubujika au yanapenya?

Swali: Ninaandaa makala kuhusu wanasayansi wanaopima radoni, gesi yenye mionzi, ili kujua maji ya chini ya ardhi yanayoingia kwenye mlango wa mto. Nimeandika "yanavuja mlangoni mwa mto". Mwenzangu anataka "yanabubujika". Nani yuko sahihi?

Jibu: Mimi nisingechukua hata kimoja. Kuvuja hubeba dhana ya kasoro: bati linavuja, mtungi unavuja, yaani kilichopaswa kuzuia maji kimeshindwa. Msomaji atajiuliza ufa uko wapi na nani auzibe, ilhali maji kupita kwenye mchanga na matope ya mlango wa mto ni hali yake ya siku zote. Kububujika nako kunataka jicho lione au sikio lisikie. Chemchemi hububujika.

Maji ya makala yako hayaonekani, na ndiyo maana radoni inahitajika. Gesi hii huzaliwa na radiamu, metali yenye mionzi iliyomo kwenye miamba na mchanga, ikayeyuka katika maji yaliyotuama humo. Maji hayo yakishatokea juu, gesi hutorokea hewani, na inayobaki hupungua kwa nusu kila baada ya siku 3.8 hivi. Kwa hiyo radoni ikizidi mlangoni mwa mto, ni dalili kwamba maji mengine yanaendelea kuingia kutoka chini. Andika basi "yanapenya na kuingia mlangoni mwa mto". Ukitaka kutaja pale yanapotokeza, kuna kuchimbuka. Kutiririka uuachie mto wenyewe.

Kuna jambo hukuliuliza, nami naliona zito kuliko kitenzi. Usiandike "maji baridi", yaani yasiyo na chumvi, badala ya "maji ya chini ya ardhi". Sehemu kubwa ya maji yanayopenya pwani ni ya chumvi: bahari huyasukuma mchangani wakati wa kujaa, kisha yakarudi. Radoni huongezeka katika maji ya chumvi na maji baridi yanayopita ardhini, ndiyo maana wapimaji huangalia pia chumvi na radiamu. Radiamu hung'ang'ania chembe za udongo kwenye maji baridi, ikabanduka ikikutana na chumvi. Mwaka 1996 mwanasayansi wa bahari Willard Moore alitumia radiamu-226, aina mojawapo ya radiamu, kwenye pwani ya kusini-mashariki ya Marekani, akakadiria kwamba maji ya chini ya ardhi yanayoingia baharini huko yanafikia kama asilimia 40 ya yale yanayoletwa na mito. Ukiyaita "maji baridi", msomaji atadhani maji ya kunywa yanapotelea baharini kwa kiasi hicho chote.