Usiikimbie simu ya benki

Dada yangu wa Kongowea, Mombasa, umeuliza uanze kumlipa nani kati ya benki, mikopo miwili ya simu na chama chenu cha akiba, na biashara ya viazi imelala. Kwanza tenga chakula, kodi na mtaji wa gunia moja; ukila mtaji, hakuna atakayelipwa.

Benki nenda mwenyewe, kabla hujakosa awamu nyingine. Omba muda urefushwe ili malipo ya mwezi yapungue, na utaje kiasi unachokiweza kwa kweli. Mimi niliahidi elfu kumi kwa aibu tu, mwezi wa pili nikashindwa, na afisa hakuniamini tena. Mkikubaliana, dai maandishi kabla hujatoa hata shilingi. Tena uliza hesabu ya riba: mkopo ukishahesabiwa kuwa haulipwi, Sheria ya Benki hairuhusu riba mpya ipite deni la msingi, yaani lile bila riba, lililobaki siku ile.

Hao wa simu wanaotisha kuwapigia jamaa zako, kanuni za Benki Kuu ya Kenya za 2022 zinawakataza. Weka jumbe zao, ukalalamike huko. Na tafadhali, usikope huku ulipe kule.

Chama waambie mapema, ana kwa ana. Wale mnajuana.