Usifinyange nguzo hata moja kabla ya kupima udongo wako unavyosinyaa

Mdogo wangu, simama kwanza. Huo udongo unaoletewa kutoka Kyela usiukande wote bado, na fedha ya kununua bodi zote kwa mkupuo mmoja usiitoe. Umeandika kwamba unasoma sanaa hapo Iringa, kwamba kazi yako ya mwisho itakuwa nguzo za udongo zenye umbo la zile nguzo za asili za Isimila, kila moja ikiwa na bodi ya Arduino Uno, yaani kompyuta ndogo ya kuendeshea vifaa vya umeme, na kihisi cha umbali ndani yake ili taa iwake mtu anapoisogelea, na kwamba utaacha nafasi ya bodi "kwa vipimo vyake, pamoja na asilimia ya kusinyaa juu yake". Hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyonifanya niandike, kwa sababu ndiyo yaliyonipotezea kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kupewa Mbeya.

Udongo mbichi umejaa maji katikati ya chembe zake, ambazo ni bapa na nyembamba mno. Maji yakikauka, chembe husogeleana na chombo kizima husinyaa. Ukikitia motoni, maji yaliyofungamana na udongo wenyewe huanza kutoka kwenye nyuzi joto 450 hivi, na joto likizidi sana chembe hushikamana na chombo husinyaa tena. Bodi haisinyai. Ina urefu wa milimita 68.6 na upana wa milimita 53.4, na siku ya maonyesho itakuwa vilevile.

Kazi niliyopewa ilikuwa ya vyombo vya ukutani vyenye taa, na bodi kama hiyo hiyo ndani. Nilijua kwamba udongo wangu, ukichomwa katika tanuri la umeme, hupungua asilimia 12, yaani mstari wa milimita 100 hubaki 88. Mshauri mmoja aliyekuwa akituuzia mafunzo ya usanifu kwa kompyuta akaniambia niongeze asilimia hizo hizo 12 kwenye kila kipimo, basi. Nikaongeza: 68.6 ikawa 76.8, mchoro ukakaa vizuri kwenye skrini, nikafinyanga, nikakausha, nikachoma hadi umeme wa LUKU ukaisha. Tanuri lilipopoa nikapima nafasi ya bodi na kukuta milimita 67.6. Kila chombo kilipungukiwa na milimita moja, kwa sababu asilimia 12 hukatwa kwenye kile kipimo kikubwa cha udongo mbichi, si kwenye kipimo kidogo ulichoanzia. Nilijaribu kupiga tupa kwa ndani, ufa ukaanzia kwenye kona ya nafasi ile na kupanda hadi mdomoni mwa chombo. Udongo uliokwisha kuchomwa haurudi kuwa tope. Mteja alidai malipo yake ya awali na nikamrudishia, na yule mshauri nilipompigia simu akasema kasoro ni mikono yangu. Mtu anayepokea ada za vijana kwa kufundisha sanaa na teknolojia, huku hajawahi kupima kigae kimoja kabla na baada ya moto, anawaibia, na sioni sababu ya kulisema hilo kwa upole.

Kinachotakiwa ni kugawanya. Chukua kipimo unachokitaka baada ya moto, ukigawanye kwa kile kinachobaki: 68.6 kwa 0.88 ni 78, na 53.4 kwa 0.88 ni 60.7. Kabla ya kugawanya, ongeza milimita chache za nafasi, na uangalie tundu la USB, maana linachomoza nje ya ukingo wa bodi.

Lakini hiyo 0.88 ni ya udongo wangu na tanuri langu, kwa hiyo usiiazime. Tengeneza vibao vya majaribio kwa udongo ule ule utakaoufinyanga, vyenye unene wa ukuta wa nguzo zako, na ungali mbichi uchore kwa sindano mstari wa milimita 100 kwenye kila kimoja. Andika nyuma yake udongo umetoka wapi na umeutia mchanga kiasi gani, kwa kuwa mchanga au vigae vilivyosagwa hupunguza kusinyaa. Vikaushe kivulini vikiwa vimefunikwa kwa nailoni na uvigeuze mara kwa mara; upepo wa Iringa wa mwezi wa saba hukausha upande mmoja upesi, kibao kikapinda na kipimo kikakudanganya. Vichome katika tanuri lile lile na kwa joto lile lile utakalotumia kwa nguzo, kisha upime mstari tena.

Ulitaja maonyesho ya 9 Evenings ya New York, Oktoba 1966, ukauliza sanaa na sayansi zinakutania wapi hasa. Pale wasanii 10 walifanya kazi bega kwa bega na wahandisi wapatao 30, wengi wao wa Bell Labs, maabara ya utafiti ya kampuni ya simu ya Marekani. Wewe mhandisi huna, kwa hiyo kupima ni kazi yako mwenyewe, na kwa nguzo hizi zinakutania kwenye huo mstari wa milimita 100.

Vibao vikitoka motoni, andika hapa urefu wa mstari uliobaki na kipimo cha kila kifaa utakachokiingiza, tupige hesabu pamoja kabla hujaanza kufinyanga nguzo.