Kabla ya penseli, mpe mahindi apukuchue

Mwaka jana daftari la binti yangu lilirudi nyumbani limetoboka. Alikuwa na miaka minne, yuko chekechea hapa Uyole, Mbeya, na kazi aliyopewa ni kujaza ukurasa mzima herufi "a". Penseli aliishika kwa ngumi, kama mtu anayesonga ugali, akakandamiza mpaka karatasi ikachanika. Pembeni kaandikiwa kwa wino mwekundu: "Hajitahidi." Basi na mimi nikanunua daftari jingine, nikawa namkalisha kila jioni. Jioni ya tatu nikalikuta limefichwa chini ya godoro.

Na mimi ni fundi cherehani! Nimefundisha wasichana kushika mkasi, najua fika kuwa bega likichoka kitambaa hakikatwi sawasawa. Kwa mwanangu mwenyewe nilisahau.

Likizo ya Juni tukaenda kwa bibi yake Rungwe, mahindi yamekauka. Mama mkwe hakuuliza habari za herufi. Alitandika gunia, akammwagia mahindi, akamwonyesha: ng'oa kwanza mstari mmoja wa punje kwa dole gumba, ukipata nafasi mistari mingine inalegea yenyewe. Siku ya kwanza alimaliza nusu ya hindi moja, akalia kidole kinauma. "Mwache, mkwe," mama akaniambia, "kesho atarudi mwenyewe." Akarudi. Wiki ya pili nilimwangalia kwa karibu: gumba linasukuma, cha shahada na cha kati vimebana gunzi. Vidole vitatu vilevile vinavyoshika penseli. Na kutwa nzima alikuwa juu ya mpera, au anavutana na kamba ya mbuzi.

Nesi wa kliniki ndiye aliyenieleza baadaye kwamba mwili wa mtoto hukomaa kuanzia katikati kwenda nje: shingo na kiwiliwili, mabega, ndipo vidole. Bega ambalo halijazoea kukwea wala kuning'inia linaweza kupata shida kuutuliza mkono juu ya karatasi. Shirika la Afya Duniani nalo lilishauri mwaka 2019 kuwa mtoto wa miaka 3 na 4 achangamshe mwili angalau dakika 180 kwa siku, 60 kati ya hizo ziwe za kumfanya aheme, na runinga isizidi saa moja. Nikapiga hesabu za wangu: bajaji, benchi, bajaji, katuni. Niliona aibu.

Halafu kuna hili letu la Mbeya, baridi. Juni na Julai tunamvika mtoto sweta mbili na koti juu, mpaka mikono inasimama pembeni kama ya mwanasesere. Mpira ataudakaje? Jua likishatoka mvue koti, abaki na sweta moja, akimbie. Anayekimbia hasikii baridi. Matope yanafuliwa.

Vya kuchezea usinunue. Mimi nashona mpira wa vipande vya vitambaa. Haudundi mbali, kwa hiyo mdogo anaudaka. Vizibo vya soda vilivyotobolewa anavitunga kwenye kamba ya viatu (kingo uzigonge kwanza, zinakata). Kuruka kwa mguu mmoja wengi huweza wakikaribia miaka minne au mitano. Kuruka kamba husubiri kidogo. Mdako muanzishie jiwe moja, arushe na kudaka, basi.

Ila punje na maharage ni kwa wakubwa. Aliye chini ya miaka mitatu huvitia puani au mdomoni, na vinaweza kumkaba. Hata huyu wa minne usimwache peke yake. Na kama mtoto anapoteza alichokuwa anakiweza, au hajatimiza mwaka na anatumia mkono mmoja tu, usimwite mvivu wala usingoje akue. Mpeleke kliniki.

Januari hii ameanza darasa la awali. Penseli bado anaishika kwa vidole vinne, na "a" zake zimeinama kama migomba baada ya upepo, lakini karatasi haitoboki. Jumamosi aliniomba mkasi. Nikampa ule butu na kipande cha kitenge, akakata mpaka kitenge kikaisha.