Maswali Yenu: Shakespeare Bado Yupo Tu, Kwanini?

SWALI: Shikamoo mhariri. Mi ni mwanafunzi wa kidato cha tano, niko Tanga. Ticha wetu wa fasihi kila akitaka mfano lazima amtaje Shakespeare. Sasa jamaa kafa 1616, Mwingereza, huku kwetu hajawahi kutia mguu. Kwanini bado tunaye? Huu si ukoloni tu?

JIBU: Marahaba mwanangu. Ukoloni upo, tusidanganyane. Waingereza walikuja na shule zao na mitihani yao, na Shakespeare alikuwa ndani ya begi, tena hata bendera yao haijafika vizuri mmisionari Edward Steere alishachapa pale Zanzibar mwaka 1867 kijitabu cha Hadithi za Kiingereza, ambamo tamthilia zake zimegeuzwa hadithi za kawaida kwa Kiswahili. Hiyo ni zaidi ya miaka ishirini kabla Zanzibar haijawa chini ya himaya yao. Kwahiyo hoja yako ina miguu.

Ila haifiki mwisho. Wajerumani nani aliwatawala? Schlegel alianza kuchapa tafsiri zake za Kijerumani 1797, na mwaka 1864 wakaunda chama cha Shakespeare pale Weimar, wanamuongelea kama mtoto wa nyumbani. Wajapani nao, mtengeneza filamu wao Kurosawa kachukua Macbeth mwaka 1957 akaivalisha nguo za samurai na ikakaa sawasawa. Na ile katuni ya Simba na Mufasa mliyokua nayo, baba mdogo anamuua mfalme halafu mtoto anatakiwa arudi kudai haki, hiyo ni Hamlet imepewa manyoya (na mwisho mzuri, maana Hamlet wa kitabuni harudi kutawala mtu, anakufa na karibu ukoo mzima).

Mi nionavyo amedumu kwa sababu watu hawakumheshimu. Yani hawakumfungia kabatini. Mwaka 1681 mtu anaitwa Nahum Tate aliichukua King Lear akaona huu mwisho ni mchungu mno, mzee anakufa na maiti ya binti yake mikononi, akaubadilisha, Cordelia akabaki hai, akapata na mchumba. Watu wa London waliipenda hiyo wakaendelea kuiangalia karibu miaka mia na hamsini, mpaka 1838 ndio ile ya mwenyewe ikarudi stejini kwa uzito. Wengine wakaja wakachomoa matusi ili baba aweze kusoma mbele ya watoto: toleo la kwanza la 1807 kazi alifanya dada mtu, Henrietta Bowdler, sifa akaja kubeba kaka mtu, Thomas. Mambo hayo hayajaanza leo bana.

Na yeye mwenyewe aliacha mlango wazi. Jamaa alikuwa mwigizaji, na mwenye hisa kwenye kundi lake, anawaandikia watu anaokula nao kila siku, akina Richard Burbage, kwahiyo hakuona haja ya kuandika hapa cheka, hapa lia, hapa mshike mkono. Maelekezo ya jukwaani ni machache sana. Chukua Shylock, yule Myahudi mkopeshaji wa Venisi. Dairekta mmoja anamfanya mchekeshaji wa kuzomewa, mwingine anamfanya mtu aliyedharauliwa mpaka ikamfika shingoni, na maneno ni yaleyale, hawajabadilisha hata nukta.

Sasa sikia hii ndio ujue ukoloni peke yake hautoshi. Robben Island, Afrika Kusini, mfungwa mmoja wa kisiasa, Sonny Venkatrathnam, alikuwa na kitabu chenye kazi zote za Shakespeare, akakifunika kwa kadi za sikukuu ya Diwali ili askari wadhani ni kitabu cha dini. Kikazungushwa kwa wafungwa wenzake, kila mtu aweke sahihi pembeni ya mistari inayomgusa. Mandela akaweka yake tarehe 16 Desemba 1977 pale Kaizari wa tamthilia ya Julius Caesar anaposema waoga hufa mara nyingi kabla ya kufa kwao. Walter Sisulu akachagua maneno ya Shylock huyohuyo, pale anaposema yote ameyabeba kwa uvumilivu. Watu wamefungwa na serikali ya makaburu na bado wanajikuta kwenye kitabu cha Mwingereza. Na hakuna aliyewapangia kwenye mtihani.

Kabla yao kuna Ira Aldridge, Mmarekani mweusi mzaliwa wa New York, aliyecheza Othello, yule jemadari Mwafrika wa tamthilia yenye jina hilo, kwenye ukumbi wa Covent Garden, London, mwaka 1833, mwaka uleule Bunge la Uingereza linapitisha sheria ya kukomesha utumwa kwenye makoloni. Magazeti mengine yalimtukana vibaya. Akaenda zake Ulaya bara mpaka Urusi, huko wakamshangilia hasa.

SWALI: Mhariri, kuna mtu kaniambia Shakespeare alikuwa mwizi, hadithi zote kachukua kwa wenzake. Ni kweli? Msomaji, Mombasa.

JIBU: Kuchukua alichukua, karibu zote. Romeo na Juliet ilikuwa shairi refu la Arthur Brooke la 1562, habari za Kaizari katoa kwa Plutarch, mwandishi Mgiriki wa kale, kupitia tafsiri ya Thomas North ya 1579, Othello kwa Mwitaliano Cinthio. Enzi hizo hati miliki kama ya leo haikuwepo na kila mwandishi alifanya hivyohivyo. Angalia alichofanya baada ya kuchukua. Kwa Brooke mapenzi ya wale watoto yanakwenda miezi kadhaa, yeye kayabana yote ndani ya siku tano hivi, wanakutana, wanaoana, wanakufa, hata wazazi hawajapata muda wa kuuliza kuna nini! Kwa Cinthio yule Mwafrika hata jina hana, anaitwa Moor tu. Jina la Othello kampa Shakespeare.

SWALI: Je ni kweli aliyeandika sio yeye, ni bwana mkubwa fulani kajificha?

JIBU: Hapana. Wosia wake wa 1616 unawaachia fedha za kununulia pete wenzake watatu wa stejini, Burbage, John Heminges na Henry Condell. Hao wawili wa mwisho ndio mwaka 1623 walikusanya tamthilia 36 kwenye kitabu kimoja kikubwa, na 18 kati yake zilikuwa hazijawahi kuchapwa, Macbeth na Julius Caesar zikiwemo. Bila hao leo tusingekuwa na la kubishana. Wanaomkataa wengi hoja yao kubwa ni kwamba mtoto wa fundi glovu wa Stratford hawezi kujua mambo ya wafalme, na mi dharau ya namna hiyo siipendi.

SWALI: Nafundisha sekondari Kisumu, nataka klabu yetu ya drama icheze Shakespeare kwa Kiswahili. Tuanze na ipi?

JIBU: Mwalimu, hongera kwa kazi. Nyerere alitafsiri Julius Caesar ikatoka 1963, yani rais wa nchi changa anakaa usiku anatafsiri tamthilia ya kuuliwa kwa kiongozi (mi hilo huwa linanifikirisha), halafu Mabepari wa Venisi 1969. Samuel Mushi naye katupa Makbeth na Tufani. Kwa wanafunzi ningeanza na Makbeth, ni fupi, kuna wachawi, kuna damu, hakuna atakayesinzia. Kama mnataka vichekesho kumbukeni mwaka 2012 waigizaji wa Kenya walienda kucheza kwa Kiswahili pale ukumbi wa Globe, London, The Merry Wives of Windsor, ile ya wake wawili wanaomkomesha mzee Falstaff, na kikundi chenyewe kilikuwa kidogo, mtu mmoja anacheza sehemu mbili tatu, kwahiyo uchache wa watoto usikutishe.

Angalizo moja, kazi ya Shakespeare ya Kiingereza haina mwenyewe, kata unavyotaka. Tafsiri za Kiswahili zina wenyewe, waandikieni wachapishaji kabla hamjaanza kuuza tiketi.