Uliza Ujibiwe: Kushuka Ufuo wa Chini ya Majabali

SWALI: Sisi ni binamu watano. Jumamosi twataka kwenda Tiwi, kusini mwa Mombasa, upande ule wa majabali usio na hoteli wala watu. Mjomba asema maji huwafungia watu huko. Tushuke saa ngapi?
– Binti wa Kisauni

JIBU: Mjomba asikizwe. Huko mchanga umekatwa vipande vipande na pembe za jabali, na pembe hizo hupitika kwa miguu maji yakipwa tu. Yakijaa, umebaki kwenye kipande chako, na jabali nyuma yako limeliwa chini, juu limeinama. Hakuna pa kupandia. Kwa hivyo kabla ya kushikilia Jumamosi, tazameni mwezi.

Bamvua, yaani maji yanayojaa sana na kupwa sana, huja siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu. Kwa kalenda ya Kiislamu, ni kama tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17. Siku hizo Mombasa maji hupwa kabisa baina ya saa 4 na saa 5 asubuhi, yakajaa saa 10 au 11 jioni. Maji mafu, yaani siku ambazo bahari hujaa na kupwa kidogo tu, hayafai: kupwa huangukia alasiri, na maji hayaendi mbali.

Tuseme jedwali la kupwa na kujaa la Kilindini, bandari ya Mombasa, laonyesha kupwa saa 4:30. Shukeni saa 3, mkiyafuata maji yanavyotoka, na ikifika saa 5:30 muwe mmeshaivuka pembe ya mwisho mkirudi. Saa ya kwanza ndiyo hudanganya watu. Bamvua la mita 3 hupanda kama sentimita 25 saa ya kwanza, 50 ya pili, kisha 75 ya tatu na 75 ya nne. Anayesubiri maji yamguse miguu ndipo afunge mkoba, atapita pembeni maji yakiwa kiunoni, na mawimbi yakimsukuma kwenye mawe. Msimu wa kusi, upepo wa kusini, ondokeni nusu saa mapema zaidi.

Mkitumia programu ya simu, hakikisheni saa zake ni za Afrika Mashariki. Zipo zinazoonyesha saa za kimataifa, zilizo nyuma kwa saa 3, na kosa hilo moja laharibu hesabu yote.

Mkivuka feri ya Likoni, pandeni matatu ya Ukunda mshuke njia panda ya Tiwi. Hapo chukueni bodaboda hadi pwani. Njia ya vichakani si ya kutembea na simu mkononi. Mwambieni dereva saa ya kuwarudia kabla hamjashuka, maana chini ya jabali mtandao huweza kupotea.

SWALI: Ndara zatosha? Na mtu akichomwa na miiba ile myeusi ya mnyama wa baharini?
– Msomaji, Likoni

JIBU: Ndara huvuka mguuni kwenye mwani, na jiwe la matumbawe hukata kama wembe. Vaa raba kuukuu ya soli nene, ifungwe kamba. Mkato uoshwe kwa maji safi mengi hadi chembe za mchanga na matumbawe zitoke zote; zikibaki ndani, kidonda hutunga usaha.

Miiba ile huvunjika ndani. Inayochomoza ing'oe kwa kibanio, iliyozama usiichokoe kwa sindano. Loweka mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia, dakika 30 hadi 90. Wavuvi hupaka utomvu wa papai bichi. Mwiba ukiwa kwenye kiungo, nenda hospitali. Na ukihisi umekanyaga jiwe likakuchoma kwa maumivu makali mno, yaelekea ni samaki wa sumu: maji ya moto, kisha hospitali siku hiyo hiyo.

SWALI: Twaweza kupumzika kwenye kivuli cha jabali?
– Baba Zuhura, Changamwe

JIBU: Kivuli ni kizuri, dari ndiyo mbaya. Ukiona ufa juu, au mawe yenye rangi mpya mchangani, hapo pamemeguka karibuni. Baada ya masika ni hatari zaidi, maji yakishapenya ndani. Bebeni mwavuli, na maji ya kunywa lita 2 kila mtu.

SWALI: Na majabali ya Vuma, kule Kilifi, twaweza kushuka tukavue?
– Mvuvi wa Jumapili

JIBU: Msishuke. Rusheni mshipi kutoka juu, na msimame nyuma ya mwamba uliolowa: palipolowa ndipo wimbi lilipofika.